Kepler na hesabu iliyokosa kipimo kimoja

Johannes Kepler, mtaalamu wa falaki, alizaliwa tarehe 27 Desemba, 1571 katika mji wa Weil der Stadt, Ujerumani. Babaye alikuwa askari wa kukodiwa aliyeitelekeza familia. Ndui nayo ilimwachia Kepler macho dhaifu tangu utotoni, kilema kikubwa kwa mtu wa kuchunguza nyota.

Alichokosa machoni alikipata kwa Tycho Brahe, aliyempokea jijini Prague mwaka wa 1600. Tycho alikuwa na kumbukumbu bora zaidi za mienendo ya sayari, ila alizitoa kwa uchoyo. Alipofariki mwaka wa 1601, Kepler alizitwaa na kujiingiza katika mzozo na warithi.

Kumbukumbu hizo ndizo zilizomwezesha, tarehe 15 Mei, 1618, kugundua uwiano uliompa sifa. Mshtarii, kwa mfano, hulizunguka jua kwa miaka 11.86. Zidisha 11.86 kwa 11.86, upate takriban 140.7. Kisha zidisha 5.2 kwa 5.2, na tena kwa 5.2: jibu ni karibu lile lile. Basi Mshtarii iko mbali na jua mara 5.2 kuliko dunia.

Lakini ni mara 5.2 ya umbali gani? Hapo ndipo hesabu ilipokwama. Miaka ya mizunguko ilitosha kulinganisha sayari zote, wala haikutosha kutaja hata maili moja. Kilichohitajika ni umbali mmoja tu wa kweli, wowote ule. Kepler hakuwa nao; makadirio yake ya umbali wa jua yalifikia takriban sehemu ya saba tu ya ule halisi.

Wala hakuwa na utulivu. Mamake, Katharina, alitiwa mbaroni mwaka wa 1620 kwa tuhuma za uchawi, na mwanawe akafunga safari kwenda kumtetea. Aliachiliwa mwaka wa 1621, akafa mwaka uliofuata.

Kepler aliaga dunia tarehe 15 Novemba, 1630 mjini Regensburg, alikokuwa amekwenda akifuatilia fedha alizodai. Kaburi lake liliharibiwa vitani.

Mnamo Juni 1769, wataalamu waliotawanyika pembe nyingi za dunia walipima Zuhura ikipita mbele ya jua. Vipimo vyao vilikaribia sana umbali unaokubalika leo, kilomita milioni 150 hivi kutoka duniani hadi kwenye jua. Ule wa Mshtarii haukuhitaji safari nyingine. Ulipatikana kwa kuzidisha tu.