Sir Frank Worrell: mwana wa Barbados aliyewaongoza ndugu zake

Mchezo wa kriketi haujapata mashabiki wengi katika nchi zetu kama mpira wa miguu. Wengi wetu twauona kuwa ni mchezo wa mabwana waliovaa nguo nyeupe, uchukuao siku tatu, nne, hata tano, na katikati yake wachezaji hupumzika wakanywa chai. Hata hivyo, wako watu duniani ambao mchezo huo huo walioletewa na watawala wao waliugeuza ukawa njia ya kudai heshima yao. Watu hao ni wananchi wa visiwa vya Karibi, ambao wengi wao ni wajukuu wa Waafrika waliochukuliwa utumwani. Katika historia yao ni majina machache yatajwayo kwa heshima kama la hayati Sir Frank Worrell. Leo tumeonelea vema tuwasimulie wasomaji wetu maisha ya mtu huyu, na ya timu ya kisiwa chake iliyomlea.

KISIWA NA TIMU YAKE

Barbados ni kisiwa kidogo mno, ambacho eneo lake lapata kilomita za mraba 430 tu. Waingereza walianza kukaa huko mwaka 1627, wakakijaza mashamba ya miwa, na ili wapate wa kuyalima wakaleta watumwa kutoka Afrika. Hata utumwa ulipokomeshwa katika miaka ya 1830, ardhi, biashara na serikali vilibaki mikononi mwa wachache wenye mashamba. Kriketi nayo ilikuwa yao. Mwezi Februari mwaka 1865 timu ya Barbados ilipambana na ile ya Demerara, nchi ambayo leo ni sehemu ya Guyana, katika uwanja wa Garrison mjini Bridgetown. Hiyo ndiyo mechi inayohesabiwa kuwa ya kwanza ya daraja la juu baina ya makoloni ya eneo hilo. Katika miaka ya 1890 yakaanzishwa mashindano ya kawaida baina ya Barbados, Trinidad na Guiana ya Kiingereza. Jamaica haikushiriki kwa sababu ilikuwa mbali, na safari ya meli ilichukua siku nyingi.

Mtu aliyetaka kuichezea timu ya Barbados ilimbidi kwanza awe mwanachama wa klabu, na klabu zenyewe zilijengwa juu ya matabaka. Wanderers, iliyoundwa mwaka 1877, ilikuwa ya Wazungu wenye mashamba na biashara kubwa. Pickwick, ya mwaka 1882, ilikuwa ya Wazungu wa tabaka la kati. Spartan, ya mwaka 1893, ilikuwa ya mawakili, madaktari na waalimu weusi na machotara. Alipotokea kijana mweusi mtupaji mpira hodari, Herman Griffith, mabwana wa Spartan walimkataa kwa kumwona hafai kukaa nao. Basi mwaka 1914 wenzake wakajitenga, wakaanzisha klabu ya Empire. Mwaka 1931, mjini Sydney, Griffith huyo huyo alimtoa Don Bradman wa Australia, mpigaji aliyeogopwa kuliko wote duniani, kabla hajapata hata mkimbio mmoja. Hivyo ndivyo aliyekataliwa mlangoni alivyokuja kukipa kisiwa chake sifa.

UTOTO WAKE

Frank Mortimer Maglinne Worrell alizaliwa tarehe 1 Agosti, 1924, mahali paitwapo Bank Hall, katika wilaya ya St. Michael, karibu kabisa na kiwanja cha Empire. Wazazi wake waliondoka kwenda kutafuta maisha ng'ambo, naye akalelewa na bibi yake. Mtoto huyu aliamka na kulala akisikia mlio wa mpira ukipigwa. Katika shule ya Combermere alifundishwa pia na Derek Sealy, mwalimu ambaye mwenyewe alikuwa mchezaji wa kimataifa.

Katika eneo hilo hilo, lisilozidi mwendo mfupi wa miguu kutoka kiwanja kikuu cha Kensington Oval, walizaliwa vijana wengine wawili katika muda wa miezi kumi na minane tu: Everton Weekes mwaka 1925 na Clyde Walcott mwaka 1926. Kwa kuwa majina yao yote yaanza kwa herufi W, dunia ya kriketi ikaja kuwaita W Watatu. Ni ajabu kwamba mtaa mmoja wa kisiwa kidogo namna hiyo uliweza kutoa kwa wakati mmoja wapigaji watatu wa kiwango cha juu kabisa.

Worrell aliingia katika timu ya Barbados mwaka 1942, angali mvulana wa shule, na hapo kwanza alichukuliwa kama mtupaji wa mpira kwa mkono wa kushoto. Haikuchukua muda watu wakatambua kuwa kipaji chake kikubwa kilikuwa katika kupiga. Mwezi Februari mwaka 1944, akiwa na umri wa miaka 19, aliipiga Trinidad mikimbio 308 bila kutolewa. Yeye na mwenzake John Goddard walikusanya pamoja mikimbio 502 bila kutenganishwa. Miaka miwili baadaye, huko Port of Spain, Trinidad hiyo hiyo iliwatoa wachezaji watatu wa Barbados kwa mikimbio 45 tu, ikadhani imeshinda. Hapo wakakutana Worrell na Walcott, wakapiga mikimbio 574 pasipo mmoja wao kutolewa. Hesabu hiyo ilikuwa haijapata kufikiwa na wachezaji wawili popote duniani wakati huo.

KUONDOKA NYUMBANI

Mtu angedhani kijana wa namna hiyo angebebwa mabegani kisiwani kwake. Lakini Barbados ya siku hizo haikumpenda mtu mweusi aliyesimama wima na kusema analofikiri. Tangu shuleni Worrell alikuwa akilaumiwa kwamba ana majivuno, na lawama hizo zilimfuata kila alikokwenda hata zikamchosha. Mwaka 1947 akahama, akaenda kukaa Jamaica. Tangu hapo timu ya Barbados ilimkosa, lakini West Indies nzima ilimpata.

Mwaka 1948 aliichezea West Indies kwa mara ya kwanza dhidi ya Uingereza, akatolewa akiwa na mikimbio 97. Katika mechi iliyofuata akapata 131 bila kutolewa. Mwaka huo huo alidai malipo ya haki kwa safari ya India, wakuu wa kriketi wakamkatalia, naye akaiacha safari yenyewe. Badala yake alikwenda kuichezea klabu ya Radcliffe kaskazini ya Uingereza, ambako kazi yake ilithaminiwa na kulipwa.

Kisha ukaja mwaka 1950. West Indies ilikuwa haijapata kushinda hata mechi moja ya kimataifa katika ardhi ya Uingereza. Mwaka huo ilishinda tatu kati ya nne, mojawapo ikiwa katika kiwanja cha Lord's mjini London, kitovu cha mchezo huo. Huko Nottingham Worrell alipiga mikimbio 261. Wahamiaji kutoka Karibi waliokuwa London wakati huo waliingia uwanjani wakicheza ngoma na kuimba, wakaendelea hadi mitaani. Kwa mara ya kwanza waliwaona wenye mchezo wao wakishindwa kwao.

SUALA LA NAHODHA

Hata hivyo kulikuwa na mlango mmoja uliobaki umefungwa. Wachezaji weusi waliruhusiwa kupiga, kutupa na kukimbia, lakini kuongoza kulihesabiwa kuwa kazi ya Mzungu au mtu mwenye rangi ya karibu na yake. George Headley wa Jamaica, mpigaji mkubwa kuliko wote wa zama zake, alipewa unahodha wa mechi moja tu mwaka 1948. Mwaka 1955 Australia ilipozuru visiwa hivyo, Worrell, aliyekuwa na ujuzi mkubwa, aliongozwa na Denis Atkinson, Mzungu wa Barbados aliyekuwa mdogo kwake. Worrell hakugombana na mtu. Alikwenda Chuo Kikuu cha Manchester kusoma huku akicheza, akapata shahada yake mwaka 1959.

Mwaka huo wa 1959 palizuka jambo linalotuhusu sisi Waafrika. Worrell alikubali kupeleka timu ya wachezaji weusi Afrika Kusini, ikacheze na ndugu zao wasiokuwa Wazungu chini ya sheria za ubaguzi. Baadhi ya watu, akiwamo mwandishi C.L.R. James, waliunga mkono kwa kuona kwamba ziara hiyo ingeionyesha dunia vipaji vilivyofichwa. Wengine, kama Learie Constantine na wapinzani wa ubaguzi walioko Afrika Kusini kwenyewe, walisema kwamba kwenda huko ni kuukubali utengano. Hatimaye safari ilifutwa. Sisi twaona kwamba waliopinga walikuwa na haki, kwani kuwachezea watu ndani ya uzio wao kusingeuvunja uzio. Lakini hatuwezi kusema kwamba Worrell alikuwa na nia mbaya.

James huyo huyo, alipokuwa mhariri wa gazeti la The Nation nchini Trinidad, alianzisha kampeni kali ya kutaka Worrell apewe unahodha. Wananchi walimwunga mkono. Mwezi Januari mwaka 1960 mechi dhidi ya Uingereza mjini Port of Spain ilivunjika kwa ghasia, chupa zikirushwa uwanjani. Wakati huo makoloni yalikuwa yanadai uhuru, na watu waliuliza iweje tuweze kujitawala wenyewe lakini tusiweze kuongoza timu ya kriketi. Mwaka huo Worrell akateuliwa. Akiwa na umri wa miaka 36 akawa mtu mweusi wa kwanza kupewa unahodha wa West Indies kwa mfululizo mzima wa mechi.

AUSTRALIA 1960-61

Timu aliyoichukua ilikuwa na watu wa visiwa mbalimbali, weusi, Wahindi na weupe, ambao mara nyingi kila mmoja alishikamana na wa kwao. Worrell aliwafanya kuwa kitu kimoja, na alifanya hivyo kwa upole. Gerry Alexander, nahodha aliyeondolewa ili yeye aingie, alibaki kuwa msaidizi wake, akacheza kuliko alivyopata kucheza maishani mwake. Jambo hilo lawapa sifa wote wawili.

Mechi ya kwanza ilichezwa Brisbane, Desemba 1960. Siku ya mwisho Australia ilihitaji mikimbio 233. Ilipofika ova ya mwisho ilibakiwa na mikimbio sita na wachezaji watatu wa kutolewa. Mtupaji alikuwa Wes Hall, kijana wa Barbados mwenye mbio za kutisha. Katika rabsha hiyo Worrell peke yake hakuonyesha wasiwasi. Alimwendea Hall, akamtahadharisha kwa utulivu asivuke mstari. Hesabu zilipokuwa sawasawa, Joe Solomon aliokota mpira, akaona kijiti kimoja tu mbele yake, akakipiga. Mechi ikaisha sare, jambo ambalo lilikuwa halijapata kutokea tangu mechi za kimataifa zianze mwaka 1877.

Australia ilishinda mfululizo ule kwa mechi mbili kwa moja. Lakini walioshindwa walipokuwa wakiondoka Melbourne, maelfu na maelfu ya watu walijipanga mitaani kuwaaga, katika nchi ambayo siku zile ilikuwa bado inawazuia watu wasio Wazungu kuhamia. Kombe linaloshindaniwa na nchi hizo mbili likapewa jina la Frank Worrell.

MIAKA YA MWISHO

Mwezi Machi 1962, timu ya India ilipokuwa ikicheza na Barbados katika Kensington Oval, mpira uliotupwa na Charlie Griffith ulimpiga kichwani nahodha wa India, Nari Contractor, ukampasua fuvu. Worrell alikuwa miongoni mwa wa kwanza kutoa damu ili kumwokoa, na Contractor akapona. Tangu mwaka 1981 chama cha kriketi cha Bengal huko India kimekuwa na siku ya kuchangia damu kwa jina la Worrell.

Mwaka huo huo Shirikisho la West Indies, lililoundwa mwaka 1958, lilivunjika, na kila kisiwa kikashika njia yake. Worrell alihuzunika, maana aliamini umoja wa visiwa hivyo. Mwaka 1963 aliiongoza timu yao kuishinda Uingereza kwa mechi tatu kwa moja, kisha akastaafu. Alikuwa amecheza mechi 51 za kimataifa na kupata mikimbio 3,860. Mwaka 1964 alipewa cheo cha Sir. Alikuwa mjumbe wa Seneti ya Jamaica, na alifanya kazi ya kulea wanafunzi katika Chuo Kikuu cha West Indies, kwanza Jamaica, kisha Trinidad.

Alifariki dunia mjini Kingston tarehe 13 Machi, 1967, kwa saratani ya damu, akiwa na umri wa miaka 42 tu. Mwezi huo huo Barbados, iliyopata uhuru wake Novemba 1966, ilikuwa imejipima peke yake dhidi ya timu ya wachezaji wa dunia nzima, ikashindwa vibaya. Ibada ya kumkumbuka ilifanywa katika kanisa la Westminster Abbey mjini London, heshima ambayo hakuna mwanamichezo aliyepata kupewa kabla yake.

Kisiwa kilichomchosha kikamrudisha. Alizikwa Cave Hill, Barbados, na Walcott alipofariki mwaka 2006, na Weekes mwaka 2020, wakalazwa karibu naye, kando ya kiwanja chenye jina la W Watatu. Picha yake imo katika noti ya dola tano ya nchi hiyo. Timu ya Barbados nayo imekuwa bingwa wa eneo lake mara nyingi kuliko nyingine yoyote.

Vijana wetu wanaoshiriki michezo wana la kujifunza hapa. Mikimbio ya Worrell imekwisha kupitwa na wengi. Ambacho hakijapitwa ni ile tabia ya kuwachukua watu wasioaminiana, akawafanya waaminiane, na ya kukaa mahali palipokatazwa watu wake pasipo kumdharau aliyekaa hapo kabla yake.