Henry Maudslay, Fundi wa Mafundi

Henry Maudslay alizaliwa tarehe 22 Agosti mwaka wa 1771 huko Woolwich, mji ulio kando ya mto Thames, karibu na London, katika nchi ya Uingereza. Mji huo ulijulikana sana kwa ghala kubwa ya silaha za serikali, na baba yake, aliyekuwa askari na fundi, alipewa kazi humo baada ya kujeruhiwa vitani. Nyumba yao haikuwa na mali. Henry alipotimiza miaka 12 ilimlazimu kutafuta riziki, akatiwa pamoja na watoto wengine katika kazi ya kujaza baruti kwenye vifuko vya risasi.

Baada ya miaka miwili akahamishiwa karakana ya maseremala. Kazi akaifanya, lakini moyo wake haukuwa katika mbao. Mara nyingi aliacha randa yake akaenda kwa siri kuwatazama wahunzi, jinsi walivyofua chuma chekundu na kukigeuza walivyotaka. Wakubwa wake waliona ya kuwa hawatapata seremala katika kijana huyu, basi alipokuwa na umri wa miaka 15 wakampeleka kwa wahunzi. Huko akawa hodari upesi sana, na zaidi katika kazi ndogo ndogo za tupa na nyundo nyepesi. Sifa zake zikatoka Woolwich zikafika London.

Wakati ule alikuwako London fundi mmoja maarufu, jina lake Joseph Bramah. Mwaka wa 1784 Bramah alikuwa amebuni kufuli ya namna mpya, ambayo wezi hawakuweza kuifungua. Ndani yake mlikuwa na vipande vyembamba vya chuma, na kila kipande kilikuwa na pengo mahali pake. Ufunguo ulipotiwa, ulivisukuma vipande vyote, kila kimoja kwa kadiri yake, hata mapengo yote yakawa sawasawa. Kipande kimoja kikizidi au kikipungua kwa unene wa unywele, kufuli haikufunguka. Ilikuwa kufuli nzuri, lakini ilimsumbua mwenyewe. Kila kipande kilipigwa tupa kwa mkono, na mafundi wa kazi hiyo walikuwa wachache na mshahara wao mkubwa. Kwa hiyo bei ya kufuli ikapanda, na wanunuzi wakawa haba. Bramah alikuwa na kitu bora asichoweza kukitengeneza kwa wingi.

Aliposikia habari za kijana wa Woolwich akamwita. Maudslay alikuwa na miaka 18 tu, naye hakuwahi kutumikia miaka 7 ya uanagenzi kama ilivyokuwa desturi ya mafundi wa London. Bramah akasitasita, kwa kuwa aliogopa wafanya kazi wake wasije wakakataa kukaa pamoja na mtu asiye na haki ya ufundi. Yasimuliwa ya kuwa Maudslay aliona pale karakanani jiriwa kuukuu, ambayo meno yake yamekwisha kabisa. Akaomba aitengeneze, na kama haitakuwa tayari kabla ya saa kumi na mbili jioni, basi arudi kwao. Akavua koti, akafua, akapiga tupa, akaichovya ipate ugumu, na kabla ya saa kufika jiriwa ilikuwa kama mpya. Mafundi wakaitazama wakanyamaza. Tangu siku ile hakuna aliyemwuliza habari za uanagenzi wake.

Sasa akapewa taabu ya zile kufuli. Maudslay alijua nguvu ya mkono wa fundi, maana yeye mwenyewe alikuwa stadi wa tupa kuliko wote. Lakini alijua na udhaifu wake. Mkono hauwezi kukata pengo moja mara mia bila kukosea hata mara moja. Basi akatengeneza mitambo midogo iliyoshika kipande cha chuma pasipo kutikisika na kuuongoza msumeno upite mahali pake tu. Akiisha kuutega mtambo, kipande cha kwanza na cha mwisho vilitoka ndugu pacha. Kazi ikaenda upesi, wala haikuharibika kwa kwenda upesi. Kwenye mwaka wa 1790 Bramah aliweka kufuli moja dirishani mwa duka lake, akaahidi paundi 210 kwa mtu atakayeifungua bila ufunguo. Ilikaa pale hata mwaka wa 1851, ndipo fundi mmoja wa Marekani, jina lake A. C. Hobbs, alipoifungua, naye alishindana nayo kwa muda wa siku 16.

Maudslay akafanywa mkuu wa karakana. Alioa, akapata watoto, na mwaka wa 1797 mshahara wake ulikuwa shilingi 30 kwa juma. Akaona hazitoshi kulisha jamaa yake, akaomba aongezewe kidogo. Bramah akakataa kwa maneno makali. Maudslay hakugombana naye. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi; akatwaa vyombo vyake, akapanga chumba kidogo London na kufungua karakana yake mwenyewe. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kutengeneza kiunzi cha chuma cha kuwekea picha za mchoraji mmoja. Mwenyewe akapendezwa, akaleta kazi nyingine.

Katika karakana hiyo Maudslay alitimiza jambo kubwa kuliko yote ya maisha yake. Zamani zile mtu aliyekereza chuma alishika patasi yake kwa mikono miwili, akaikaza juu ya chuma kinachozunguka. Mbao hukubali kazi hiyo, lakini chuma ni kigumu. Mikono huchoka, patasi huruka, na mahali pamoja huwa pembamba na pengine panene. Watu wengine walikuwa wamejaribu kuipunguza taabu hiyo kabla yake, lakini Maudslay ndiye aliyeziunganisha njia zote katika mtambo mmoja ulio imara. Kerezo lake lote lilikuwa la chuma, si la mbao. Patasi ilifungwa katika mkono wa chuma, na mkono huo ukateleza juu ya reli zilizonyoka, ukivutwa na parafujo ndefu iliyozungushwa na magurudumu ya meno. Fundi alibaki na kazi ya kutega na kuangalia. Kwenye mwaka wa 1800 kerezo hilo liliweza kukata parafujo nyingine zilizo sawasawa kabisa.

Manufaa ya jambo hilo yalikuwa makubwa. Kabla ya siku zile kila bolti ilikuwa na nati yake moja tu, kama mlango na ufunguo wake. Mtambo ukifunguliwa, ilipasa kila bolti na nati yake zitiwe alama moja; zikichanganyika, fundi alipoteza siku nzima akitafuta mwenziwe nani. Tena kila fundi alikata hesi apendavyo. Maudslay akaamuru ya kuwa katika karakana yake kila unene wa bolti uwe na hesi ya namna moja tu. Vyombo vya kukatia vikawa vichache, gharama ikapungua, na nati yoyote iliyookotwa mezani iliingia katika bolti yoyote ya kadiri yake.

Kisha akaja mtu mmoja mzaliwa wa Ufaransa, jina lake Marc Isambard Brunel, naye alikuwa na michoro mkononi ambayo hakutaka kueleza maana yake. Akamwagiza Maudslay atengeneze vitu vilivyochorwa, akarudi na michoro mingine, na mingine tena. Hatimaye Maudslay akatambua mwenyewe ya kuwa mgeni wake anataka mitambo ya kuunda makapi ya merikebu. Brunel akastaajabu, akaacha kumficha. Manowari za Uingereza zilikuwa za matanga, na kila moja ilihitaji mamia ya makapi ya kuvutia kamba. Kwa mwaka mmoja yalitakiwa yapata 100,000, yote yakichongwa kwa mkono. Nchi ilikuwa vitani, na merikebu isiyo na makapi haiwezi kupandisha tanga.

Maudslay alifanya kazi hiyo miaka kama sita, akatengeneza mitambo zaidi ya 40. Hakuna mtambo mmoja uliofanya kazi yote. Mmoja ulikata gogo, wa pili ulitoboa tundu, wa tatu ulichimba mwanya wa roda, na kadhalika, kila mtambo na kazi yake moja nyepesi. Mwaka wa 1808 mitambo hiyo, iliyowekwa Portsmouth, iliunda makapi 130,000, na watu 10 wasio mafundi wakafanya kazi iliyohitaji mafundi 110 zamani. Baadhi ya mitambo ile ilidumu kazini zaidi ya miaka 100.

Sasa Maudslay alikuwa tajiri, na mwaka wa 1810 akahamia karakana kubwa huko Lambeth, ng'ambo ya pili ya mto. Alitengeneza injini za mvuke, za viwandani na za merikebu. Injini za zamani zilikuwa na boriti kubwa iliyopanda na kushuka, nazo hazikuweza kusimama pasipo nyumba nene ya kuzishika. Mwaka wa 1807 Maudslay alipata hati ya injini ndogo iliyosimama juu ya meza yake ya chuma, bila boriti ile. Mtu mwenye karakana ndogo aliweza kuinunua na kuisimamisha mahali penye nafasi chache.

Vijana wengi walikuja kujifunza kwake, naye aliwafundisha kwa upole. Aliwaambia kwanza wafahamu kabisa kitu wanachotaka kutengeneza kabla ya kugusa chuma. Kisha watazame kila kipande na kila ratili ya chuma, na kujiuliza ina kazi gani pale ilipo. Ikiwa haina kazi, iondolewe. Chuma kisicho na kazi hununuliwa kwa fedha, hukatwa kwa jasho, na hubebwa na mtambo siku zote kama mzigo wa bure. Kitu kilicho chepesi kutengeneza, alisema, ndicho kinachopasa kutafutwa.

Aliwaonya pia juu ya pembe kali. Mtu asiyejua hupenda kona ya ndani iwe kali kama ya sanduku, akidhani ndio uzuri. Lakini ufa huanza katika kona kama hiyo, na chuma kikatengana ghafula. Tena chombo cha kukatia kinachozunguka hakiwezi kuifikia kona kali. Huacha kipembe cha mviringo, na fundi hukaa akikimaliza kwa tupa. Fundi mwenye akili huiacha kona iwe ya mviringo tangu katika mchoro. Hivyo kipande hupata nguvu zaidi, na kazi ya saa nyingi haifanywi kabisa.

Kazi rahisi kwake haikuwa na maana ya kazi ovyo. Juu ya meza za mafundi wake aliweka bamba za chuma zilizosawazishwa kabisa, ili kila mtu aweke kazi yake juu yake na kuona kama imenyoka. Naye mwenyewe alikuwa na chombo cha kupimia kilichoweza kuonyesha sehemu moja katika elfu kumi ya inchi. Alikipa jina la mkuu wa waamuzi wa Uingereza, kwa sababu mafundi walipobishana juu ya kipimo, hukumu ya chombo hicho haikuwa na rufani.

Mwanzoni mwa mwaka wa 1831 Maudslay alivuka bahari kwenda Ufaransa kumtazama rafiki yake aliyekuwa mgonjwa. Katika kurudi alishikwa na baridi kali, akalala kitandani, akafa tarehe 14 Februari mwaka huo, akiwa na miaka 59. Alizikwa Woolwich alikozaliwa, chini ya kaburi la chuma cha kusubu, nalo kaburi hilo alikuwa amelichora mwenyewe.

Wanafunzi wake wakaendeleza kazi. James Nasmyth, aliyekuja kwake mwaka wa 1829, alibuni nyundo kubwa ya mvuke. Joseph Whitworth aliona ya kuwa sheria iliyokuwa katika karakana moja inaifaa nchi nzima, na mwaka wa 1841 akawashauri wenye viwanda wote wa Uingereza wakubaliane juu ya hesi ya namna moja kwa kila kadiri ya bolti. Wakakubali pole pole, na nchi nyingine nazo zikajiwekea sheria zao.

Hata leo mtu akipoteza nati ya baisikeli yake, haimpasi kumtafuta fundi aliyeiunda. Huenda dukani, akataja kadiri yake, akalipa fedha kidogo, na nati mpya huingia pasipo kupigwa tupa. Nati hiyo ni rahisi kwa sababu mtu fulani aliifikiri vema kabla chuma hakijakatwa, na Henry Maudslay ni mmoja wa wale walioianzisha njia hiyo.