Ahmad ibn Majid, rubani aliyeiboresha dira

Katika karne ya 15, jahazi lililotoka Kilwa kwenda Sofala lilipofika rasi ya Cabo Delgado, takriban digrii 11 kusini ya ikweta, Nyota ya Kaskazini ilikuwa imekwisha kutoweka machoni. Rubani aliyezoea kuitegemea alihitaji alama nyingine angani. Haja za namna hiyo ndizo zilizomfanya Ahmad ibn Majid kuwa bingwa wa elimu ya bahari.

Ibn Majid alizaliwa Julfar, leo Ras al-Khaimah, katika Umoja wa Falme za Kiarabu. Baba na babu yake walikuwa marubani. Elimu aliyoirithi hakuipokea kama ilivyo. Aliipima kwa safari zake na kuisahihisha.

Chombo cha kupimia nyota kilikuwa kamali: kibao kidogo chenye uzi wa mafundo. Ukingo wa chini uliwekwa sawa na upeo wa bahari, wa juu ukagusa nyota. Kipimo chake kiliitwa kidole, na kosa la kidole kimoja lilimpoteza rubani kwa kilomita zipatazo 180. Seremala yeyote angeweza kukichonga kibao hicho, na kosa la kipimo halikumgharimu kitu. Aliyekuwa hatarini kupasukiwa na chombo kwenye miamba ya visiwa vya Kerimba ni rubani. Hivyo marubani wenyewe ndio waliotafuta njia ya kupima nyota nyingine, zikiwemo za Dubu Mkubwa, walipovuka ikweta.

Takriban mwaka 1490, Ibn Majid alikamilisha kitabu chake kikuu kuhusu kanuni za ubaharia. Humo alijihesabia ubunifu wa kuiweka sumaku juu ya dira. Hakuufanya kuwa siri ya biashara. Maarifa yake mengi aliyatunga kwa mashairi, ili mabaharia wayahifadhi kichwani.

Mwandishi mmoja wa Makka, katika karne ya 16, alimtaja kuwa ndiye aliyemwongoza Vasco da Gama mwaka 1498. Wanahistoria wengi hawakubali, kwa kuwa kumbukumbu za Wareno zinamtaja rubani wa Gujarat, aliyepatikana Malindi. Lisilo na shaka ni kwamba kufikia mwaka 1500 Wareno nao walikuwa wakikijaribu kibao hicho baharini, pamoja na vyombo vyao vya Ulaya.

Utenzi wake kuhusu njia ya Sofala, inayopita pwani hii, ulihifadhiwa Urusi na kuchapishwa mwaka 1957.