Kapteni Walter Dyett, Mwalimu wa Bendi ya Shule

Kwa ajili ya toleo hili la kumbukumbu Kamati ilituomba sisi walimu tuandike maisha ya mtu mmoja mashuhuri ambaye vijana wa kambi wangefaidika kumfahamu. Wenzetu walipendekeza marais na wapigania uhuru. Sisi tumemchagua mwalimu wa sekondari aliyefariki mwaka 1969 katika mji wa Chicago, Marekani, tena mwalimu wa tarumbeta na klarineti. Sababu yetu ni kwamba tangu bendi ya shule yetu ianze, wazazi, na mara nyingine wahudumu wa mashirika, wanatuuliza swali lile lile: mtoto asiye na madaftari ya kutosha ana haja gani na tarumbeta?

Walter Dyett alizaliwa tarehe 11 Januari 1901 huko St. Joseph, jimbo la Missouri. Baba yake alikuwa mchungaji, mama yake alipiga piano na kuimba. Familia ilihamia California, na huko kijana alijifunza fidla, kisha klarineti, basuni na ngoma. Hata hivyo kazi aliyoitaka ilikuwa udaktari. Alianza masomo ya kumwandalia njia hiyo katika Chuo Kikuu cha California, na mwaka 1921 alikuja Chicago akiwa amepata ufadhili wa kusomea uganga. Hakusoma. Ilimpasa kufanya kazi ili mama yake na dada yake wapate kula. Hapa kambini wako wengi wanaoielewa habari hiyo bila kuelezwa zaidi. Vyeti vyao vya mwaka wa kwanza na wa pili wa chuo vimo ndani ya mfuko wa plastiki, chini ya mkeka.

Fidla ndiyo iliyomlisha. Wakati ule filamu hazikuwa na sauti, na majumba makubwa ya sinema yaliajiri wanamuziki wa kupiga wakati picha zikionyeshwa. Dyett alipiga katika okestra ya Erskine Tate kwenye jumba la Vendome, baadaye akaongoza okestra ya jumba jingine. Mwishoni mwa miaka ya 1920 filamu zikaanza kusema, na kazi hiyo ikafa. Mwaka 1931 aliingia kufundisha muziki katika sekondari ya Wendell Phillips, upande wa kusini wa mji. Aliongoza pia bendi ya Rejimenti ya 8, kikosi cha askari weusi cha jimbo la Illinois, na huko ndiko kulikotoka cheo cha kapteni. Kwa wanafunzi wake alibaki Kapteni Dyett hata baada ya wao wenyewe kuwa wazee.

Ni lazima tueleze wanafunzi hao walikuwa nani. Tangu miaka ya Vita Kuu ya Kwanza watu weusi waliondoka kwa wingi katika majimbo ya kusini kama Mississippi na Alabama, wakikimbia umaskini, sheria za ubaguzi na makundi yaliyoua watu bila hukumu. Mwaka 1910 Chicago ilikuwa na watu weusi wapatao 44,000. Mwaka 1930 walikaribia 234,000. Hawakuweza kukaa popote walipotaka, kwa maana wenye nyumba waliandikiana mikataba ya kutowauzia wala kuwapangisha. Basi wakasongamana katika ukanda mmoja mwembamba, familia kadhaa ndani ya nyumba iliyojengwa kwa familia moja. Hawakuvuka mpaka wa nchi wala hakuna aliyewaandikia kadi ya mgawo, lakini tukisoma habari zao hatuoni ugeni mwingi.

Shule mpya ilifunguliwa mwaka 1935 ili kupunguza msongamano, na mwaka 1936 ikapewa jina la DuSable, kwa heshima ya Jean Baptiste Point du Sable, mfanyabiashara mweusi anayehesabiwa kuwa mkazi wa kwanza wa kudumu wa mahali palipokuja kuwa Chicago. Nayo ikafurika baada ya muda mfupi. Dyett alifundisha hapo mpaka mwaka 1962.

Sasa namna yake ya kufundisha, ambayo ndiyo hasa iliyotuvuta. Bendi ya shule ya aina hiyo (sisi tuliotoka Kongo huiita fanfara) ina vyombo vya kupuliza vya mbao kama klarineti, vya shaba kama tarumbeta, tromboni na tuba, pamoja na ngoma. Watoto hamsini wakipuliza kwa pamoja, asiyejua sehemu yake hujificha nyuma ya sauti ya jirani. Kwa Kapteni mahali pa kujificha hapakuwapo. Waliopita mikononi mwake wamesimulia kwamba alisikia nota moja iliyokosewa katikati ya bendi nzima, na alimjua aliyeikosea. Alimtaka apige peke yake mbele ya wenzake. Aliyekuwa hakufanya mazoezi alitolewa chumbani, na tiketi ya kurudi ilikuwa kuijua sehemu yake.

Wala hakumpa mtoto chombo kwa kuwa mtoto amekitamani. Johnny Griffin alikuwa bado mdogo alipomsikia Gene Ammons, mwanafunzi wa DuSable, akipiga saksofoni ya tena, naye akaamua kwamba hataki kingine. Alipofika DuSable, Kapteni alimwanzisha kwenye klarineti. Baadaye akampa oboe, kisha saksofoni ya alto. Mwaka 1945, siku chache tu baada ya kumaliza shule, kijana aliitwa katika bendi kubwa ya Lionel Hampton. Akaenda na alto yake, na huko akaambiwa kwamba nafasi iliyopo ni ya tena. Ilibidi arudi kutafuta tena haraka, na kwa kuwa vidole na pumzi vilikuwa vimeshafundishwa, aliiweza. Akaja kuwa mmoja wa wapigaji wakubwa wa chombo hicho. Huyo Hampton naye, alipokuwa mtoto, alifundishwa katika bendi ya watoto wauza magazeti na Meja N. Clark Smith, mwalimu aliyemtangulia Dyett katika shule ya Phillips.

Hapa tuseme kosa letu. Mwaka jana tulimpangia mvulana mmoja ngoma kubwa, naye alitaka tarumbeta. Hatukumweleza kwa nini. Tulidhani kwamba mwalimu akisema imetosha. Hakurudi tena kwenye mazoezi.

Fedha nazo zilikuwa shida kule. Vyombo ni ghali, sare ni ghali, na shule ya watoto maskini haikuweza kungoja mpaka mtu mwingine akumbuke. Kila mwaka Dyett na wanafunzi waliandaa onyesho kubwa lililoitwa Hi-Jinks, lenye nyimbo, dansi na vichekesho, watu wa mtaa wakalipa kiingilio, na mapato yakasaidia kununua mahitaji ya muziki. Tunawaomba Kamati waisome habari hii mara mbili. Bendi yetu ina vyombo 11 kwa watoto zaidi ya 60, na klarineti mbili zimelala kwa kukosa vile vilimi vya mwanzi ambavyo bei yake si kubwa. Tunawashukuru waliotuletea vyombo. Vilimi tungeweza kuvinunua kwa onyesho moja uwanjani.

Hatutaki kumfanya malaika. Alikuwa mkali kupita kiasi, ulimi wake ulichoma, na wapo waliomwogopa zaidi ya walivyompenda. Sisi hatuwezi kufundisha hivyo, na tusingependa, maana watoto wa hapa wamekwisha kupigiwa kelele za kutosha maishani mwao. Lakini tunauelewa ukali ule ulitoka wapi. Hata chama cha wanamuziki Chicago kilikuwa viwili wakati ule, cha weupe na cha weusi, na Dyett mwenyewe alikuwa mwanachama wa kile cha weusi, Tawi 208. Alijua kwamba nje ya mlango wa shule kijana mweusi akikosea mara moja hataitwa mara ya pili. Kumwambia mtoto huyo kwamba amejitahidi, ilhali hakujitahidi, kungekuwa ni kumdanganya.

Katika wanafunzi wake yumo Nat King Cole, mtoto wa mchungaji aliyehama kutoka Alabama, ambaye sauti yake wazee wetu waliisikia redioni, ingawa yeye aliacha shule kabla ya kumaliza. Yumo mwimbaji Dinah Washington, ambaye jina lake la shule lilikuwa Ruth Jones. Wamo Von Freeman, Dorothy Donegan na wengine wengi. Sisi tunampenda zaidi Richard Davis, mpigaji wa besi, kwa kuwa baada ya kupata sifa alikwenda kuwa mwalimu: tangu mwaka 1977 alifundisha Chuo Kikuu cha Wisconsin kwa karibu miaka 40. Walio wengi hawakuwa wanamuziki kabisa, kama vile walio wengi tunaowafundisha hesabu hawawi wahandisi, na hakuna anayetuuliza kwa nini tunafundisha hesabu.

Dyett alifariki tarehe 17 Novemba 1969. Baadaye shule moja ya upande ule ule wa mji ilipewa jina lake. Mwaka 2012 wakuu wa elimu wa Chicago waliamua kuifunga kidogo kidogo, na mwaka 2015 wanafunzi wa mwisho wakaondoka. Mwezi Agosti mwaka huo watu 12, wakiwemo wazazi na mabibi wa mtaani, walianza kukataa chakula wakidai shule ibaki. Walikaa hivyo siku 34. Mwaka 2016 ikafunguliwa tena, safari hii ikiwa sekondari ya sanaa, na jina la Walter H. Dyett likabaki mlangoni.