Wasifu wa Rudolf Diesel (1858–1913)

Neno dizeli limeandikwa katika kila kituo cha mafuta, lakini si watahiniwa wote wanaojua kwamba ni jina la mtu. Rudolf Diesel alizaliwa Paris tarehe 18 Machi 1858, mwezi mmoja baada ya Burton na Speke kufika Ujiji kwa njia ya misafara inayopita Tabora. Katika njia hiyo hapakuwa na injini. Pembe za ndovu zilifika Bagamoyo mabegani mwa wapagazi, wengi wao Wanyamwezi.

Wazazi wake walikuwa Wajerumani, na baba yake alikuwa fundi wa bidhaa za ngozi. Vita vya Ufaransa na Prussia vilipozuka mwaka 1870, familia ilikimbilia London, na kijana akapelekwa kwa jamaa zake Augsburg, Ujerumani. Alisomea uhandisi Munich, akahitimu mwaka 1880. Mwalimu wake, Carl von Linde, alimfundisha kwamba injini ya mvuke hupoteza sehemu kubwa ya joto la makaa, na jambo hilo halikumtoka akilini.

Alipata hataza ya injini yake mwaka 1893. Aliyewahi kujaza upepo tairi la baiskeli ataelewa wazo lenyewe: hewa ikishindiliwa hupata joto. Diesel aliishindilia hewa ndani ya silinda kwa nguvu sana, hata mafuta yaliponyunyizwa humo yakawaka yenyewe, bila cheche ya plagi. Mwaka 1897 injini hiyo iligeuza takribani asilimia 26 ya joto la mafuta kuwa kazi. Injini nyingi za mvuke hazikufika hata nusu ya hapo.

Katika Maonesho ya Paris ya mwaka 1900, kampuni ya Otto iliendesha injini ndogo ya Diesel kwa mafuta ya karanga. Hapa mtahiniwa awe makini. Vitabu vingine hudai kwamba Diesel alibuni injini yake kwa ajili ya mafuta ya karanga. Si kweli. Alianza na mafuta ya petroli, na wazo la karanga lilitoka serikali ya Ufaransa, ambayo makoloni yake ya Afrika yalilima karanga kwa wingi. Hata hivyo Diesel alilipenda, akafanya majaribio yake mwenyewe, yakafaulu. Mwaka 1912, mwaka ambao reli ilifika Tabora, aliwaeleza wahandisi wa London kwamba kwa njia hii makoloni ya nchi za joto yangeweza kujipatia nguvu za mitambo kutokana na mazao yao, bila kununua makaa wala mafuta kutoka nje.

Kikwazo kilikuwa bei, kwa kuwa mafuta ya petroli yalikuwa rahisi. Tena mafuta ya mimea ni mazito, na huziba pua za kunyunyizia. Dawa yake ilipatikana baada ya Diesel kufa: mwaka 1937 Mbelgiji Chavanne alipata hataza ya kuchanganya mafuta ya mawese na alkoholi ili yawe mepesi. Siku hizi kostiki soda hutumika kuharakisha kazi hiyo, na gliserini hubaki chini.

Diesel hakufaidi. Akiwa na madeni mengi, usiku wa tarehe 29 Septemba 1913 alipanda meli Antwerp kwenda Uingereza. Asubuhi hakuonekana chumbani. Siku kadhaa baadaye mwili wake ulipatikana baharini. Hadi leo haijulikani kama alijiua.

Mwaka 1947 Waingereza walianzisha mashamba makubwa ya karanga Tanganyika, mojawapo likiwa Urambo, magharibi mwa Tabora. Karanga hizo zilikusudiwa kuwapatia Waingereza mafuta ya kula, na matrekta yaliyolima yalitumia mafuta yaliyoletwa kwa meli. Mpango ulivunjwa mwaka 1951, na Urambo ikageukia tumbaku.