Alfred Nobel: Msee wa Dainamiti Aliyeandikiwa Dawa ya Kulipuka

Jina Nobel unalijua juu ya tuzo. Ni ile Wangari Maathai alituletea nyumbani 2004. Lakini tulia nikupe stori ya mwenye jina, maana inakuhusu kutoka siku ulikuwa tumboni mwa mathe wako.

Alfred Nobel alizaliwa Stockholm, Uswidi, 21 Oktoba 1833. Mwaka huo huo mbuyu wake Immanuel alifilisika. Mzee akaenda kujitafuta Urusi, na 1842 familia ikamfuata St Petersburg. Huko mambo yakajipa. Alfred akasomeshwa nyumbani, na akifika miaka 17 alikuwa anaongea lugha tano. Digrii ya chuo hakuwahi kupata. Kama umechoka kuulizwa makaratasi, hiyo weka kwa moyo.

Halafu akakutana na nitrogliserini, mafuta yaliyogunduliwa na Muitaliano Ascanio Sobrero 1847. Ukiyatikisa vibaya tu, umeenda. Sobrero mwenyewe aliyaogopa. Alfred akasema atayafuga. Tarehe 3 Septemba 1864 karakana yao ikalipuka, ikamuua bro wake mdogo Emil na watu wengine. Hebu fikiria kuzika ndugu yako kisha urudi kazini na kitu kile kile kilichomuua. Alfred alirudi. 1867 akapata hati miliki ya kuchanganya hayo mafuta na udongo unaofyonza. Hapo ndipo dainamiti ilizaliwa, na jamaa akaomoka.

Sasa cheki hii. Wafanyakazi wa viwanda vyake walikuwa wanaumwa na kichwa sana, juu ule mvuke unapanua mishipa ya damu. Madaktari wakaona hiyo inaweza kusaidia mtu anayebanwa na kifua. Uzeeni moyo wa Nobel ukaanza kusumbua, na daktari akamwandikia nini? Nitrogliserini. Aliandikia rafiki barua akishangaa hayo maajabu. Alifariki San Remo, Italia, 10 Desemba 1896, bila bibi, bila mtoto. Karibu doh yake yote ilienda kwa tuzo, zikaanza kutolewa 1901.

Kwa nini ile dawa hufanya kazi? Nobel alikufa bila kujua. 1998 tuzo yake mwenyewe ya tiba ilienda kwa Wamarekani watatu, Furchgott, Ignarro na Murad, waliopata jibu: gesi inaitwa nitriki oksaidi. Nitrogliserini huitoa ikiingia mwilini. Na mishipa yako huitengeneza yenyewe, inaambia misuli yake ilegee, damu ipite.

Wewe ulianza kuitumia kabla uzaliwe. Tumboni hukuwa unapumua. Oksijeni ilitoka kwa mathe kupitia kondo la nyuma, na mapafu yako yalijaa maji. Kwa hivyo damu nyingi iliyaruka ikipitia kamshipa fulani karibu na moyo, panya ruti ya ukweli. Prostaglandini ndiyo iliiweka wazi zaidi, nitriki oksaidi ikisaidia. Hata kaboni monoksaidi, ile gesi ya jiko la makaa inayoua watu wakifunga madirisha, mwili huitengeneza kidogo sana, na nayo hulegeza mishipa.

Ukatoka, ukalia. Hewa ikaingia, nitriki oksaidi ikaongezeka kwa mapafu, mishipa yake ikafunguka. Ndani ya siku chache panya ruti ikajifunga.

Kuna watoto ambao mishipa ya mapafu hukataa kufunguka. Wanakosa oksijeni, wanakuwa bluu, na wanaweza kufa. Tangu 1999 Marekani imeidhinisha wavutishwe nitriki oksaidi kupitia mashine, na wengi hupona bila kufanyiwa mambo makubwa zaidi.

Emil hakurudi. Lakini kitu kilichomchukua ndicho kilitupeleka kwa gesi inayosaidia mtoto wa mtu kupumua. Leo ukivuta pumzi, kumbuka hao ndugu wawili.