ABEBE BIKILA: ASKARI ALIYEUFUNZA MWILI WAKE KUTII

Alfajiri inapopambazuka juu ya vilima vya Gitega, barabara za mji huwa tayari zina wenyewe. Ni vijana wa vyuo, makundi kwa makundi, wakikimbia mchakamchaka kabla ya masomo. Jioni wengi wao huingia katika vyumba vya mazoezi ya viungo, ambamo si vyuma vyote vya kunyanyua vilivyonunuliwa dukani. Vingine ni makopo yaliyojazwa saruji na kuunganishwa kwa kipande cha nondo. Na kule Muyinga, kaskazini-mashariki karibu na mpaka wa Tanzania, wanafunzi waliorejea makwao likizoni hupanda na kushuka milima ile ile iliyowakuza, ili wasipoteze katika majuma machache nguvu walizochuma kwa miezi.

Ukiwauliza sababu, kila mmoja ana yake. Huyu anatafuta afya. Yule anapoza kichwa kilichochoshwa na mitihani. Wa tatu amefuata rafiki. Wa nne anajiandaa kwa usaili wa jeshi au wa polisi. Na wa tano, ambaye hana haya ya kusema kweli, anataka kifua kipana na mikono ya kujaza shati, ili apite njiani watu wageuke.

Huyu wa mwisho huchekwa sana, hata na baadhi yetu tuvaao sare. Mimi sioni haki katika kicheko hicho. Jambo lililomwingiza mtu mazoezini si zito kama jambo litakalombakiza humo. Na swali hilo latuhusu sisi askari na polisi kuliko linavyowahusu wanafunzi. Ni wangapi kati yetu waliokimbia kwa bidii mpaka siku ya kuandikishwa, kisha walipokwisha kupata sare na mshahara wakawa kazi yao ni kuongeza tundu katika mkanda wa suruali? Ndugu msomaji, maisha ya askari mmoja wa Afrika, aliyefariki mwaka 1973, yanatupa jibu ambalo halijachakaa hata leo.

Askari huyo ni Abebe Bikila. Alizaliwa tarehe 7 Agosti 1932 katika kijiji cha Jato, karibu na mji wa Debre Birhan, kwenye nyanda za juu za Ethiopia. Siku hiyo hiyo, mbali sana na kijiji hicho, mbio za marathoni za Olimpiki zilikuwa zikikimbiwa mjini Los Angeles, Marekani. Hakuna aliyeweza kuyahusisha mambo hayo mawili. Wazazi wake walikuwa watu wa shamba na mifugo, na yeye utotoni alichunga kama watoto wengine wa huko. Kukimbia mlimani hakukuwa mchezo wala zoezi; kulikuwa njia ya kumrudisha mnyama aliyepotea.

Mwanzoni mwa miaka ya 1950 alikwenda Addis Ababa na kuandikishwa katika Kikosi cha Walinzi wa Mfalme Haile Selassie. Huko ndiko alikokutana na mazoezi ya viungo yenye utaratibu, na pia mtu aliyekuwa ayageuze maisha yake, Onni Niskanen, mzaliwa wa Finland na raia wa Sweden, aliyefika Ethiopia mwaka 1946 kufundisha mazoezi ya viungo.

Husimuliwa kwamba hamu ya Abebe iliamshwa na jambo dogo. Wanamichezo wa Ethiopia waliporudi kutoka Olimpiki ya Melbourne ya mwaka 1956, ambayo ilikuwa ya kwanza kwa nchi yao, aliwaona katika gwaride wakiwa wamevaa mavazi yenye jina la taifa mgongoni. Naye akatamani kuvaa vazi kama lile. Kama masimulizi hayo ni ya kweli, basi hata shujaa huyu aliingia mazoezini kwa mlango ule ule wa kijana wetu wa Gitega: alitaka kuonekana. Tamaa ya namna hiyo si aibu. Aibu ni kuishia mlangoni.

Abebe hakuishia mlangoni. Niskanen aliwazoeza wakimbiaji wake kwa saa mkononi. Mbio ndefu za kuujenga uvumilivu zilichanganywa na mbio fupi za kasi zilizorudiwa tena na tena, na kati yake kulikuwa na mapumziko yaliyopimwa. Yote hayo yalifanyika Addis Ababa, mji ulio zaidi ya mita 2,300 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi na pafu lisilozoea huwaka moto. Abebe alikuwa mtu mrefu na mwembamba, mwenye uzito usiofika kilo 60. Hakuwa na kifua cha kutisha mtu. Alichojenga kilikuwa ndani: moyo, mapafu, na tabia ya kuutii mpango uliowekwa hata siku ambayo mwili hautaki.

Mwezi Julai 1960 alikimbia marathoni yake ya kwanza mjini Addis Ababa, akashinda. Miezi miwili baadaye alikuwa Roma.

Hapo yafaa tukumbuke historia. Majeshi ya Italia yaliivamia Ethiopia mwaka 1935 na kuingia Addis Ababa mwezi Mei 1936. Mwaka 1937 Waitalia waliichukua nguzo ya kale ya Aksum na kuisimamisha Roma kama ushahidi wa ushindi wao. Sasa, jioni ya tarehe 10 Septemba 1960, askari wa Ethiopia alisimama katika mji huo huo bila silaha na bila viatu. Viatu vilivyopatikana vilimbana na kumtoa malengelenge, na kwa kuwa miguu yake ilikwisha zoea kukimbia pekupeku, aliamua kukimbia hivyo hivyo.

Wakimbiaji 69 walianza. Giza lilipoingia, askari wa Italia walisimama kando ya barabara ya kale ya Appia wakiwa na mienge ya kuwamulikia. Abebe na Rhadi Ben Abdesselam wa Moroko walitoka mbele wakiwa bega kwa bega kwa kilomita nyingi, pasipo mmoja kumwachia mwenziwe. Walipokaribia mwisho, karibu na mahali iliposimama nguzo ya Aksum, Abebe aliongeza kasi. Alifika penye tao la Konstantino kwa saa 2, dakika 15 na sekunde 16, akimwacha Rhadi kwa sekunde 25, na kuipita rekodi bora ya dunia kwa muda usiotimia sekunde moja. Huyo ndiye Mwafrika mweusi wa kwanza kutwaa dhahabu ya Olimpiki. Nguzo yenyewe ilirudishwa Ethiopia mwaka 2005, lakini wengi husema kwamba heshima yake ilirudi mapema zaidi, usiku ule, juu ya nyayo tupu.

Alirudi nyumbani, akapandishwa cheo kuwa koplo, akaendelea na kazi na mazoezi. Mwaka 1961 alishinda Athens, Osaka na Kosice. Mwezi Septemba 1964, ikiwa imebaki kama wiki tano Olimpiki ya Tokyo ianze mbio zake, alipasuliwa kidole tumbo. Mtu mwenye kisingizio kizuri kuliko hicho ni nadra kupatikana. Hata hivyo tarehe 21 Oktoba alisimama kwenye mstari, safari hii akiwa na viatu, na akamaliza kwa saa 2, dakika 12 na sekunde 11. Aliyemfuata, Basil Heatley wa Uingereza, alifika dakika nne baadaye. Watazamaji walishangazwa zaidi na yaliyofuata: badala ya kuanguka chini kwa uchovu, Abebe alikwenda katikati ya uwanja akaanza kunyoosha viungo, kama askari amalizaye zoezi la kila asubuhi. Alikuwa mtu wa kwanza kushinda marathoni ya Olimpiki mara mbili.

Laiti hadithi ingeishia hapo, ingekuwa nzuri, lakini isingetufaa sana. Mafunzo yake makubwa yamo katika miaka ya kushindwa.

Mwaka 1968 huko Mexico, Abebe aliingia mbioni akiwa na jeraha la mfupa mguuni. Alijitoa kabla ya nusu ya njia. Ushindi ulikwenda kwa Mamo Wolde, askari mwenziwe wa kikosi kile kile. Kiongozi mwema huacha mtu nyuma yake, na hilo nalo ni ushindi. Abebe alipandishwa cheo kuwa kapteni.

Kisha ikaja usiku wa tarehe 22 Machi 1969. Akiwa njiani kuelekea Addis Ababa, gari lake dogo aina ya Volkswagen liliacha barabara na kupinduka. Uti wa mgongo uliumia. Miguu iliyoishangaza Roma na Tokyo haikutembea tena. Alikuwa na umri wa miaka 36.

Alipelekwa Uingereza, katika hospitali ya Stoke Mandeville. Hospitali hiyo ilikuwa na wodi ya majeruhi wa uti wa mgongo iliyofunguliwa na daktari Ludwig Guttmann mwaka 1944, wakati wa Vita Kuu ya Pili, kwa ajili ya askari waliojeruhiwa. Daktari Guttmann aliona kwamba askari aliyelazwa tu kitandani hufa mapema, mwili na moyo, na kwamba michezo ilikuwa dawa kamili, si anasa. Tarehe 29 Julai 1948 aliwapanga majeruhi 16 katika viti vya magurudumu kushindana kulenga shabaha kwa upinde na mshale. Mashindano hayo yalikua, na mwaka 1960 yalifanyika Roma, yakiwa na wanamichezo wapatao 400 kutoka nchi 23. Yalianza siku nane tu baada ya Abebe kupita pekupeku chini ya mienge. Hakujua wakati huo kwamba wale waliokuwa wakija nyuma yake katika mji ule siku moja wangekuwa wenziwe.

Mwanzoni hata mikono yake haikuitika. Polepole, kwa mazoezi ya kila siku, ikarudiwa na nguvu. Mwezi Julai 1970 Abebe Bikila alishiriki mashindano ya Stoke Mandeville, akipiga upinde na kucheza mpira wa meza. Mwezi Aprili 1971 alialikwa Norway kama mgeni wa heshima katika michezo ya walemavu, naye hakukubali kukaa kutazama: alishindana, na akashinda mbio za kilomita 25 juu ya theluji katika chombo kinachokokotwa na mbwa. Mwaka 1972 alikuwa mgeni wa Olimpiki ya Munich, akiwa katika kiti chake cha magurudumu, na uwanja ulisimama kumshangilia. Alifariki tarehe 25 Oktoba 1973 kwa damu kuvuja ubongoni, akiwa na miaka 41. Alizikwa kwa heshima zote za kijeshi, mfalme wake akihudhuria pamoja na maelfu ya wananchi.

Sasa turudi kwenye swali letu. Kama Abebe angekuwa akifanya mazoezi kwa ajili ya mavazi yenye jina la taifa, angeacha baada ya kuyapata. Kama ingekuwa ni kwa ajili ya dhahabu, angeacha baada ya Tokyo. Kama ingekuwa ni kwa ajili ya kutazamwa, angejificha asionekane katika kiti cha magurudumu. Lakini aliendelea, kwa sababu katika miaka ile ya saa na mpango alikuwa amejifunza jambo lisilokaa miguuni: kuuamuru mwili na kuufanya utii. Ajali ilimnyang'anya miguu. Haikuweza kumnyang'anya desturi hiyo.

Nasi Burundi tuna shahidi wetu. Mwaka 1996 huko Atlanta, katika Olimpiki ya kwanza ya taifa letu, Vénuste Niyongabo alitwaa dhahabu ya mita 5,000. Tunda hilo lilitoka katika milima hii hii ambayo vijana wa Gitega na Muyinga huikimbia kila alfajiri.

Hata hivyo, wenye haki kubwa zaidi ya kuyasikia maisha ya Abebe ni ndugu zetu waliojeruhiwa kazini: waliokanyaga mabomu, waliopigwa risasi wakati wa vita vyetu wenyewe, na waliorudi na vilema kutoka Somalia, ambako majeshi yetu yalianza kupelekwa mwaka 2007. Gitega kuna kituo cha taifa kinachotengeneza viungo bandia na kuwazoeza tena waliolemaa. Mazoezi yafanyikayo humo, ya mtu kujifunza upya kusimama, hayapigwi picha wala hayavutii macho ya wapita njia. Lakini ni mazoezi ya viungo kwa maana yake iliyo bora kabisa, na afanyaye hayo ni mwenziwe Abebe Bikila.

Kwa hiyo tusimcheke kijana anayenyanyua kopo la saruji ili apendeze. Tukimbie naye, tumwonyeshe kwa mfano wetu kwamba kuna sababu nyingine inayomngoja mbele. Na ewe askari, ewe polisi, ambaye viatu vyako vya mazoezi vimeota ukungu chini ya kitanda tangu ulipoapishwa, vitoe kesho alfajiri. Majeruhi uliye naye kikosini mpitie mwende pamoja, kwa mguu, kwa mkongojo au kwa kiti cha magurudumu. Njia ni ndefu kwa kila mtu, nayo huanzia pale alipo.